Viti Vitatu vya Shaba: Mafunzo ya Wazazi Masisi na Walikale Kabla ya Semina

Katika mikutano ya malezi inayofanyika Kivu ya Kaskazini, na hata katika ripoti zinazoandikwa baada ya mikutano hiyo, hurudiwa dai ambalo limekaririwa mpaka limechukuliwa kuwa jambo lililothibitishwa: kwamba mafunzo ya wazazi, yaani elimu inayomlenga baba au mama mwenyewe na si mtoto, yaliletwa Masisi na Walikale na mashirika ya misaada baada ya vita, na kwamba kabla ya hapo mzazi alilea kwa kuiga tu alivyolelewa. Likichukuliwa kwa maana ya daftari, mwezeshaji na karatasi ya mahudhurio, dai hilo lina ukweli, kwa kuwa vitu hivyo ni vya juzi. Likichukuliwa kwa maana ya jamii kumketisha mzazi na kumwambia alipokosea, halisimami, na ushahidi wa kulikanusha umechapishwa tangu mwaka 1969 katika kitabu ambacho wanafasihi wamekisoma sana na watu wa malezi karibu hawajakigusa.

Ushahidi wenyewe ni utendi wa Mwindo. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese huko Walikale, mtambaji wa Kinyanga aliyeitwa She-Karisi Rureke aliusimulia, akauimba na kuucheza kwa muda wa siku 12 mbele ya mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake Wanyanga waliokuwa wakiandika neno kwa neno. Matini hayo yalitolewa na Biebuyck pamoja na mwanaisimu Kahombo Mateene, yakiwa na maneno ya Kinyanga na tafsiri ya Kiingereza. Karisi ni jina ambalo Wanyanga huupa utanzu huu wa masimulizi marefu ya mashujaa, na ni jina pia la mzimu unaoaminika kumtuma mtambaji. Kiambishi She- kina maana ya baba wa fulani, kama vile Nya- kilivyo na maana ya mama wa fulani. Kwa hiyo Shemwindo ni Baba Mwindo na Nyamwindo ni Mama Mwindo, na msikilizaji wa Goma au Sake, ambako mtu huitwa kwa jina la mwanawe siku zote, hahitaji kufafanuliwa kwamba mzazi hapa hana jina asilopewa na mtoto.

Kisa chenyewe kinajulikana vya kutosha kiasi kwamba muhtasari unatosha. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, anawaamuru wake zake wazae watoto wa kike pekee; mke wake mpendwa anazaa mtoto wa kiume; baba anamrushia mikuki, anamzika akiwa hai, kisha anamfungia ndani ya ngoma na kumtosa mtoni. Mtoto anasafiri majini hadi kwa shangazi yake Iyangura, aliyeolewa na Mukiti, nyoka wa maji, na kutoka huko anarudi kumsaka baba yake, ambaye anakimbilia kuzimu. Wasomaji wengi wa nje wamesimama hapo, kwenye mbio na maajabu, wakamwona Mwindo kuwa shujaa wa kawaida wa hadithi za vijana. Usomaji huo hauna haja ya kujibiwa kwa urefu, kwa sababu unaacha nje sehemu ambayo utendi wote unaielekea.

Sehemu hiyo ni baraza. Mwindo anamrudisha baba yake kutoka kuzimu akiwa mzima, wala hamuui. Watu wote wanaitwa. Mwindo anamwomba Nkuba, yaani Radi, viti vitatu vya shaba, navyo vinashuka na kubaki vikining'inia hewani juu ya vichwa vya watu, na juu yake wanaketi baba, mwana na shangazi. Shemwindo anazungumza kwanza, na mbele ya raia zake anaungama tangu mwanzo amri yake na yale aliyomtendea mwanawe. Anayefuata ni Iyangura, ambaye anamshutumu kaka yake waziwazi, kisha anawageukia washauri na wakuu wa Tubondo na kuwahesabia sehemu yao ya kosa. Mwisho Mwindo anasamehe, na nchi inagawanywa kati yake na baba yake.

Methali iliyozoeleka ya Kiswahili husema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kwa kawaida huelekezwa kwa mtoto. Karisi inaigeuza: anayefunzwa na ulimwengu hapa ni baba, tena mtu mzima mwenye wake na cheo, na mwenye kibali cha kumfunza ni dada yake. Ipo tafsiri nyingine, yenye uzito, inayoliona tukio hilo kuwa siasa tupu, yaani namna ya kutatua mgogoro wa urithi wa utawala bila kumwaga damu. Tafsiri hiyo haipingani na hii, kwa kuwa kwa Wanyanga nyumba ya mtawala ndiyo nyumba ambayo wote waliitazama, na kosa la baba wa Tubondo lilikuwa kosa la kufundishia. Wala elimu haiishii kwa mzee. Mwindo mwenyewe, baada ya kushika utawala na kumuua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, anachukuliwa juu angani na kuteswa kwa baridi, mvua na jua hadi kiburi kimtoke, ndipo anarudishwa kuwapa watu wake maagizo, na miongoni mwa maagizo hayo limo la kutomkataa mtoto kwa namna yoyote aliyozaliwa nayo. Aliyekuwa mtoto wa kukataliwa anakuwa mlezi wa nchi, lakini baada ya kupitishwa darasani.

Wale wanaodai kinyume, kwamba mababu hawakuhitaji mafunzo kwa sababu mtoto alikuwa wa kijiji kizima na hakuna aliyemdhuru, nao hawapati msaada wowote katika matini haya. Jamii isiyomjua baba mkatili haitungi utendi wa siku 12 juu yake.

Kwa majirani wa kusini, Walega, mafunzo ya watu wazima yalikuwa na muundo rasmi zaidi. Bwami, chama cha ngazi nyingi ambacho mwanamume alikipanda polepole tangu ujana hadi uzee, kilifundisha kwa misemo iliyofungamanishwa na vitu: sanamu ndogo ya pembe ya ndovu, ganda, mdomo wa ndege, kila kimoja kikionyeshwa na kuchezewa ngoma hadi maana yake ieleweke. Wanawake walikuwa na ngazi zao, na mume hakufika ngazi za juu kabisa bila mkewe kufika naye. Serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, serikali hiyohiyo ilianzisha Mfuko wa Ustawi wa Wenyeji, na katika miaka iliyofuata zilienea nyumba za jamii zilizoitwa kwa Kifaransa foyers sociaux, ambamo wanawake wa Kibelgiji waliwafundisha wake wa Kiafrika kushona, kupiga pasi, kupika na kuosha mtoto. Sifa za nyumba hizo zimeandikwa sana na hazina haja ya kurudiwa. Kinachostahili kukumbukwa ni somo moja. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt ameonyesha jinsi wakoloni nchini Kongo, wakihofia uhaba wa watoto na hatimaye wa wafanyakazi, walivyoiona desturi ya mama kunyonyesha miaka miwili au mitatu huku akijitenga na mumewe kuwa kikwazo cha uzazi, wakahimiza mtoto aachishwe ziwa mapema. Leo, katika kituo chochote cha afya cha Masisi au Walikale, mama anayepeleka mtoto kupimwa uzito huambiwa anyonyeshe maziwa pekee miezi 6, kisha aendelee hadi miaka 2 na zaidi. Nyanya zao waliijua desturi ya kunyonyesha miaka hiyo, na mwalimu wa kwanza aliyetumwa kwao alitaka waiache.

Kuhusu Wanyarwanda waliohamishiwa milima ya Masisi kati ya mwaka 1937 na 1955, pamoja na mashangazi na mabaraza yao, inahitajika makala nyingine. Na enzi ya Zaire, licha ya Sheria ya Familia ya 1987, haikuacha mengi ya kusimuliwa katika jambo hili.

Tarehe 20 Machi 1993 mapigano yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakapanda hadi Masisi, na tangu hapo familia za wilaya hizi mbili zimehama mara nyingi kuliko zilivyovuna. Kuhama huko ndiko kulikotoa mafunzo ya sasa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 iliyapa msingi, nayo mashirika yakayapa mbinu: utepe wa rangi tatu unaozungushwa mkononi mwa mtoto, ambao chini ya sentimita 11.5 huonyesha nyekundu; uji wa masoso, yaani mchanganyiko wa mahindi, soya na mtama, unaokorogwa mbele ya akina mama mpaka kila mmoja aukoroge mwenyewe; na vikundi vya wanaume. Katika hivi vya mwisho kuna funzo. Jaribio moja kubwa lililofanywa Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2020, liliwakutanisha wanaume kwa wiki 16. Mitazamo yao ilibadilika na kazi za nyumbani wakazishika zaidi, ila ukatili ambao wake zao waliueleza haukupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Wakosoaji waliharakisha kuita hilo kushindwa. Inafaa kulitazama kwa subira zaidi, kwa sababu mpango uliofuata wa Kivu ya Kaskazini, ulioitwa Safe at Home, ulishughulikia kwa pamoja ukatili dhidi ya mke na adhabu kali kwa mtoto, ukawaweka mume na mke katika mafunzo yanayokwenda sambamba, na dalili zake zilikuwa bora. Kwa maneno mengine, kiti cha pili kiliongezwa.

Cha tatu bado. Mwezeshaji hutoka Goma kwa pikipiki, hukaa saa mbili na kuondoka. Hana undugu na baba anayemfundisha, hawezi kumshutumu mbele ya watu wake, na hawezi kuwauliza wazee walikuwa wapi. Shangazi angeweza, lakini shangazi yuko Pinga na kaka yake alikuwa kambini Bulengo, mpaka kambi zilizozunguka Goma zilipovunjwa mapema mwaka 2025 na watu kuambiwa warudi makwao. Wanaorudi Nyabiondo, Kalembe na Ntoto wanajenga upya vijiji pamoja na mabaraza yake, na watakaowaandalia vitabu vipya vya malezi wanaombwa, kabla ya kutafsiri mwongozo mwingine kutoka mbali, wayachukue matini ya Rureke, wayasome kwa Kinyanga mbele ya wazee wa sekta ya Wanianga, na kuwauliza akina Iyangura wa leo ni nani na wanaishi wapi.