Bangi inayotoa maua kwa umri: istilahi za ukuzaji wa nyumbani

bangi inayotoa maua kwa umri *nm.* Mmea wa bangi ambao huanza kutoa maua unapofikia umri fulani, kwa kawaida kati ya wiki ya 3 na ya 5 tangu mbegu kuota, bila kusubiri mabadiliko ya urefu wa mchana. *Kinyume:* bangi inayotoa maua kwa majira.

Kitomeo hiki kinapendekezwa kwa dhana ambayo kwa Kiingereza huitwa *autoflowering*. Dhana hiyo haikuwa na haja kubwa ya jina la Kiswahili hadi miaka ya karibuni. Tangu tarehe 1 Aprili 2024, sheria ya Ujerumani inamruhusu mtu mzima aliyeishi nchini humo kwa angalau miezi 6 kukuza katika makazi yake mimea ya bangi isiyozidi 3 kwa wakati mmoja, kwa matumizi yake binafsi. Miongoni mwa wakazi wa nchi hiyo wamo wazungumzaji wa Kiswahili, na pamoja nao wamo wakalimani na wafasiri wanaotakiwa kueleza miongozo ya ukuzaji, masharti ya upangaji wa nyumba na maswali ya polisi.

Anayeanza kazi hiyo hutarajia kukwamishwa na maneno ya kibotania. Mara nyingi maneno hayo hayamkwamishi, kwa kuwa hujulikana kuwa magumu na hutafutwa. Yanayopotosha ni maneno ya kawaida ambayo mfasiri hayatilii shaka: *siku, saa, kulima, tumba, katani*. Makala haya yanayapitia moja baada ya jingine.

1. Kwa nini “kwa umri” na si “yenyewe”

Tafsiri sisisi inayojitokeza haraka ni *bangi inayochanua yenyewe*. Ina kasoro ya maana. Tunaposema *mlango unajifunga wenyewe*, tunamaanisha kwamba hakuna mkono wa mtu uliohusika. Lakini kila mmea hutoa maua wenyewe. Hakuna mkulima anayeyafungua maua ya mwembe. Msomaji akikutana na *yenyewe* atadhani mmea huu hauhitaji matunzo, au kwamba hujichavusha, na dhana zote mbili si sahihi.

Tofauti iliyokusudiwa ni ya kichocheo. Bangi ya kawaida hukua bila maua wakati usiku ni mfupi, kisha huanza kutoa maua usiku unaporefuka na kukaribia muda wa saa 12. Mkuzaji wa ndani huiga badiliko hilo kwa taa. Aina inayojadiliwa hapa imerithi tabia tofauti kutoka kwa bangi mwitu ambayo mtaalamu wa mimea wa Urusi, Janischewsky, aliipa jina la *Cannabis ruderalis* mwaka 1924. Mahali ambapo kiangazi ni kifupi, mmea unaosubiri usiku urefuke hukutwa na baridi kabla ya kukomaza mbegu. Aina hiyo hufuata umri wake tu, na kwa kawaida huvunwa kati ya wiki ya 9 na ya 12 tangu kuota.

Neno *umri* linabeba maelezo hayo yote, na lina faida ya ziada: linaeleza kwa nini aina hii haizalishwi kwa vipandikizi. Kipandikizi kilichokatwa kwenye mmea wa wiki 4 kina umri wa wiki 4. Kitatoa maua pamoja na mama yake, kingali kidogo.

2. Siku, mchana na saa

Kwa Kiswahili, *siku* ni mzunguko mzima wa saa 24. Sehemu yenye jua ni *mchana*. Kwa hiyo *urefu wa siku* haubadiliki popote duniani. Kinachobadilika ni *urefu wa mchana*. Mfasiri anayeandika *siku zinapofupika* ameandika sentensi ambayo msomaji ataielewa kwa kubahatisha.

Ubahatishaji huo ni mgumu zaidi kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kwa kuwa jambo lenyewe halimo katika maisha yake ya kila siku. Mombasa na Tanga ziko karibu na ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifikii saa moja. Berlin, mchana wa Juni hukaribia saa 17, na wa Desemba haufiki saa 8. Maelezo ya sentensi moja kuhusu tofauti hiyo yanafaa kuingizwa ndani ya tafsiri, hata kama matini chanzi haina maelezo hayo.

*Saa* ni hatari zaidi, kwa sababu neno hilo hilo hutaja muda na hutaja wakati. Miongozo mingi hupendekeza mwanga wa saa 18 na giza la saa 6 kwa bangi hii. Tazama tafsiri mbili:

*Isiyofaa:* Taa ziwake saa 18 na zizimwe saa 6.

*Inayofaa:* Taa ziwake kwa muda wa saa 18 mfululizo, kisha zizimwe kwa muda wa saa 6.

Sentensi ya kwanza inamwambia msomaji wa Kiswahili azime taa adhuhuri au usiku wa manane. Wengi huepuka utata huu kwa kusema *masaa 18*. Umbo hilo limeenea katika mazungumzo, lakini katika maandishi sanifu *muda wa saa 18* linatosha na halina ubishi.

Panapotajwa wakati, mfasiri akumbuke kwamba kifaa cha kuwasha na kuzima taa huonyesha tarakimu za saa 24, ilhali Kiswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo. Zitajwe zote mbili: *06:00, yaani saa 12 asubuhi, hadi 24:00, yaani saa 6 usiku.*

3. Bangi, mmea wa bangi, mche wa bangi

Kahawa ina majina matatu kwa Kiswahili: *mbuni* ni mti, *buni* ni punje, *kahawa* ni kinywaji. Bangi ina jina moja kwa mmea, kwa majani na maua yaliyokaushwa, na kwa kile kinachovutwa. Umbo *mbangi* linafuata kanuni ya *mchungwa* na *mpapai*, lakini katika matumizi ya kawaida husemwa zaidi *mmea wa bangi* au *mche wa bangi*.

Kwa kuwa *bangi* imo katika ngeli ya I-/ZI-, *bangi tatu* haisemi ni tatu za nini: miche, misokoto, au aina. Katika matini ya sheria kosa hilo ni kubwa, kwa sababu sheria ya Ujerumani huhesabu mimea kwa idadi na hupima bangi iliyokaushwa kwa gramu. Iandikwe *mimea mitatu ya bangi*, na *gramu 50 za bangi iliyokaushwa*, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa nyumbani. *Mche* ubaki kwa mmea mchanga pale matini inapotofautisha hatua za ukuaji.

4. Kulima, kuotesha, kupandikiza

*Kulima* hubeba picha ya jembe na shamba. Ni kitenzi kinachotarajiwa katika taarifa ya polisi juu ya ekari za bangi mlimani. Hakimfai mtu mwenye chungu kimoja kando ya dirisha. Kwa ukuzaji wa nyumbani tumia *kukuza*, na kwa hatua ya mbegu pekee tumia *kuotesha*. Mkalimani wa mahakamani awe mwangalifu hasa: shahidi aliyesema *niliotesha mbegu moja* asifasiriwe kana kwamba alisema *nililima bangi*.

*Kupandikiza* kuna maana mbili zilizo hai: kuhamisha mche kutoka kitaluni, na kuunga tawi la mti mmoja kwenye shina la mwingine. Katika mada hii maana ya kwanza ndiyo inayohusika, na aghalabu hutajwa kwa kukanushwa. Kwa kuwa maisha ya mmea huu ni mafupi, siku zinazopotea mizizi inapopata mshtuko hazirudi. Mwanagenzi hushauriwa asihamishe mche. Tafsiri isiyo na utata ni: *Mbegu ipandwe moja kwa moja katika chungu ambamo mmea utakaa hadi kuvunwa.* Kitenzi *kuatika* kisitumike hapa, kwa kuwa chenyewe kinabeba wazo la kitalu na uhamisho wa baadaye.

5. Maua: tumba, kichala, jike na dume

*Kuchanua* ni kufunguka kwa petali, kama waridi. Ua jike la bangi halina petali za kufunguka. Huonekana kama vinyweleo vyeupe vinavyochomoza katika vifundo vya shina. Kwa hiyo *kutoa maua* ni sahihi kuliko *kuchanua*, na ndiyo sababu ya umbo la kidahizo chetu.

*Tumba* ni ua ambalo bado halijafunguka. Kiingereza hutumia neno lake la tumba kwa kitu tofauti: fungu la maua ya bangi yaliyosongamana na kukomaa, yaani kile kinachovunwa. Anayeandika *vuna matumba* anamwagiza msomaji avune kabla ya wakati. Pendekezo letu ni *kichala cha maua*, kwa mfano wa kichala cha zabibu.

Bangi, kama mpapai, huwa na mimea dume na mimea jike. Mfano wa mpapai unamtosha msomaji wa pwani na wa bara: kila aliyepanda mipapai anajua huzuni ya kugundua kwamba ule ulionenepa ni dume. Tofauti ni kwamba kwa bangi, chavua ya dume huharibu mavuno kwa kuyajaza mbegu. Mbegu zilizozalishwa ili zitoe jike tu ziitwe *mbegu za mimea jike*. *Mbegu jike* isitumike, kwa kuwa mbegu yenyewe haina jinsia inayoonekana.

6. Bangi na katani

*Bangi* ina asili ya India, na imesafiri katika Bahari ya Hindi pamoja na kitu chenyewe. Kule *bhang* ni majani yaliyotayarishwa, *ganja* ni maua, na *charas* ni utomvu. Kiswahili kilichukua jina la kwanza na kulipanua likafunika yote. Kiarabu kina *banj*, ambalo hutaja mmea mwingine kabisa, wenye sumu, wa jamii ya nyanya na biringanya. Anayefasiri matini za kale za tiba za Kiarabu asilinganishe maneno hayo bila kukagua muktadha. Lugha jirani zina majina yao: *urumogi* kwa Kinyarwanda na Kirundi, *enjaga* kwa Kiganda.

Mgogoro huzuka matini inapozungumzia bangi inayokuzwa kwa ajili ya nyuzi na mbegu, yenye THC kidogo sana. Katika Umoja wa Ulaya mmea wa aina hiyo hautakiwi kuzidi asilimia 0.3 ya THC ili ustahiki ruzuku za kilimo. Wafasiri wengi huuita *katani*. Lakini kwa Mtanzania, katani ni nyuzi za mkonge, zao ambalo Richard Hindorf alilileta Tanga kutoka Florida mwaka 1893. Mkataba wa kuuza “mbegu za katani” utasomwa Tanga kuwa unahusu mkonge, na mwenye mzigo atajikuta akijibu mashtaka ambayo tafsiri ilimficha. *Bangi ya nyuzi* haipendezi masikioni mwa mfanyabiashara, lakini haimdanganyi mtu.

7. Ruhusa na mahali pake

Kiswahili cha maelekezo hupenda nafsi ya pili: *unaruhusiwa kukuza mimea mitatu*. Sentensi hiyo ikitolewa katika ukurasa wake na kusambazwa kwa simu, haina nchi. Nchini Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na nchini Kenya, sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, zinaufanya ukuzaji huo kuwa kosa la jinai, hata kwa mche mmoja. Jina la nchi liwemo ndani ya sentensi ya ruhusa, si katika kichwa cha habari pekee.

*Halali* nalo litumiwe kwa uangalifu. Limebeba hukumu ya dini ambayo bunge halikukusudia kuitoa. *Kuruhusiwa kisheria* ni salama zaidi, na huacha nafasi ya kutaja masharti. *Kuondoa adhabu* ni jambo jingine: tendo hubaki limekatazwa, ila halipeleki mtu gerezani. Hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ya Septemba 2018 ilihusu mtu mzima kutumia na kukuza bangi faraghani; kuifasiri kuwa *bangi imehalalishwa* ni kuongeza biashara ambayo hukumu haikuigusa.

Mfano wa matumizi

*Nchini Ujerumani, mkazi mtu mzima anaruhusiwa kisheria kukuza mimea isiyozidi mitatu ya bangi nyumbani kwake, mahali ambapo watoto hawawezi kuifikia. Anayeanza huchagua mara nyingi bangi inayotoa maua kwa umri, kwa kuwa haimlazimu kubadili ratiba ya taa. Mbegu hupandwa moja kwa moja katika chungu cha kudumu, taa huwaka kwa muda wa saa 18 kila siku, na vichala vya maua huwa tayari kuvunwa baada ya miezi miwili na nusu hivi.*

Mwalimu anaweza kulitumia fungu hili darasani kwa kuwataka wanafunzi waondoe *nchini Ujerumani*, *kwa muda wa* na *vichala*, kisha waeleze msomaji wa Tanga angefanya nini kwa kufuata kile kilichobaki.