Beji Inayomsubiri Fundi Wake

Agosti 2006, katika hoteli ya Riviera mjini Las Vegas, waliohudhuria mkutano wa wadukuzi wa DEF CON walilipa kiingilio kwa fedha taslimu, hawakuulizwa jina, kisha wakakabidhiwa kipande cha saketi cha kuvaa shingoni. Kilikuwa na taa mbili za buluu, kitufe kimoja, betri bapa ya ukubwa wa sarafu na chipu ya PIC10F202 yenye miguu sita. Ukibonyeza kitufe taa ziliwaka. Ukiendelea kubonyeza zilimweka, zikapokezana, au zikawaka ovyo bila mpangilio. Chipu hiyo ina baiti 24 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na programu yake yote sharti ienee katika maagizo 512.

Aliyeibuni beji hiyo ni Joe Grand, mhandisi ambaye wadukuzi walimjua zaidi kwa jina la Kingpin. Alikuwa mmoja wa vijana saba wa kundi la L0pht la Boston ambao Mei 1998 walikaa mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani na kusema kwamba wangeweza kuizima intaneti ndani ya dakika 30. Jeff Moss, aliyeuanzisha mkutano wa DEF CON mwaka 1993, ndiye aliyempa kazi ya beji. Kabla ya hapo watu walivaa vipande vya plastiki, na katika ukumbi uliojaa watu wa namna ile kughushi kipande cha plastiki hakukuwa kazi ngumu.

Tangu siku hizo beji zimekuwa nyingi na za kila aina, na mara nyingi husifiwa kwa mwanga wake na umbo lake. Mimi nazipima kwa kitu kingine: ni sehemu gani ya kazi mbunifu amemwachia mvaaji aimalizie mwenyewe. Hapo ndipo ninapoiona historia yake ya kweli.

Tazama beji ya mwaka uliofuata. Grand aliipa taa 95 zilizopangwa kwa safu, na mvaaji aliweza kuandika maneno yake yakawa yanapita kifuani kama tangazo. Lakini kwenye bodi yenyewe palikuwa na sehemu mbili tupu. Njia za shaba zilikwishachorwa, vituo vya kulehemia vilikuwa tayari, kilichokosekana ni chipu zenyewe: moja ya kuhisi mwendo, nyingine ya redio ya masafa ya 2.4 GHz. Aliyezitaka azitafute, kisha akae chini na chuma cha kulehemu. Na hazikuwa chipu za kubandika kirahisi. Hazina miguu inayojitokeza pembeni; vituo vyake viko chini ya tumbo, kwa hiyo lehemu inatakiwa iingie mahali ambapo jicho halifiki vizuri. Joto likizidi, chipu inaungua. Likipungua, inakaa pale ikionekana imeshika kumbe haijashika. Ukifanikiwa, beji iliyokuwa ya kusoma maneno inaanza kuhisi namna unavyoiinamisha.

Mwaka 2008 beji iliweza kutuma mafaili kwa beji nyingine kwa miale ya infraredi, na pia kuzima televisheni za watu, wazo lililotokana na kifaa cha TV-B-Gone cha Mitch Altman. Mwaka 2010 ikaja bodi ya alumini yenye skrini ambayo picha yake hubaki hata umeme ukikatika. Mwaka 2011 ilikuwa titani tupu, bila saketi yoyote, na tangu hapo DEF CON imekuwa ikichanganya: mwaka mmoja umeme, mwingine sahani ya muziki au kaseti.

Wajerumani walikwenda njia yao. Chaos Computer Club, chama kilichozaliwa Berlin mwaka 1981, hufanya kambi ya wadukuzi kila baada ya miaka minne, watu wakilala kwenye mahema huku wamevuta nyaya za intaneti hadi mlangoni. Kambi ya 2011 ilikuwa kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa Finowfurt, na kila aliyefika alipewa beji iitwayo r0ket, kazi ya wanachama wa Munich. Skrini yake inapaswa kuwagusa wasomaji wa Afrika Mashariki: ni ya aina iliyotumika katika Nokia 1200, simu ya tochi, mojawapo ya zile ambazo Wakenya waliziita mulika mwizi na Watanzania kitochi. Skrini za simu hizo zilitengenezwa kwa wingi, zikawa rahisi, na zilikula umeme kidogo. Sababu zilezile zilizoifikisha simu hiyo vijijini kwetu ndizo zilizomfaa mbunifu mwenye bajeti ndogo.

Mwaka 2015 chama hicho kikatoa rad1o, redio kamili inayoendeshwa na programu, iliyojengwa juu ya usanifu wa HackRF wa Michael Ossmann. Mtu aliyekuwa na beji hiyo aliweza kusikiliza hata mawimbi ya satelaiti za Iridium. Miaka minne baadaye ikaja card10, saa ya mkononi inayopima umeme wa moyo. Nayo hukupewa ikiwa nzima. Ulipewa mfuko wenye bodi mbili, betri, skrubu na mkanda, ukakaa na wenzako mezani kuiunganisha. Kwa maoni yangu hakuna beji ya Ujerumani iliyofundisha zaidi ya hiyo, kwa sababu mtu aliyefunga skrubu zake mwenyewe haogopi kuzifungua tena.

Huko Las Vegas, makundi ya marafiki yalikuwa yameanza kubuni beji zao nje ya ile rasmi. Mwaka 2018 kundi la AND!XOR lilipendekeza tundu dogo la pini nne, mbili za umeme na mbili za kupitisha data, ili beji ya mtu mmoja iweze kupachikwa kipambo kilichobuniwa na mwingine. Watu ambao hawajawahi kubuni saketi walianza na vipambo hivyo, taa moja na rezista moja, wakabadilishana ukumbini.

Beji inayokuja imekamilika huwa na tatizo lake: huishia kwenye droo. Waingereza wa kambi ya Electromagnetic Field walilikabili mwaka 2024 kwa Tildagon, beji ya pembe sita yenye matundu sita ya kupachika bodi nyingine. Bodi ya msingi ni ya kutunzwa, mvaaji arudi nayo kambi ijayo. Kinachobadilika ni bodi ya mbele. Naunga mkono uamuzi huo moja kwa moja, maana taka za elektroniki ni nyingi mno kwa vitu vinavyovaliwa siku tatu.

Hata hivyo, fikra ya kumwachia mtu kazi haikuanzia Las Vegas. Mwaka 1983, Yugoslavia ilipobana uingizaji wa kompyuta kutoka nje, mhandisi Voja Antonić alibuni kompyuta ya Galaksija inayotumia chipu ya Z80. Ili kuokoa vipuri, aliifanya chipu hiyohiyo ichore picha kwenye televisheni. Michoro ilichapishwa katika jarida, maelfu ya wasomaji wakajiundia nyumbani, na redio ya Belgrade ikarusha programu hewani, wasikilizaji wakizirekodi kwenye kaseti.

Antonić huyohuyo ndiye aliyebuni beji ya mkutano wa tovuti ya Hackaday mjini Belgrade mwaka 2016, na mwaka 2022 akabuni ya mkutano wao wa Pasadena, California: kompyuta ya biti nne. Haina kibodi. Unaingiza programu kwa kubonyeza vitufe, biti baada ya biti, na taa ndogo zinaonyesha kila kinachotokea ndani, hata hesabu ya kujumlisha ikibeba moja kwenda nafasi inayofuata. Unaweza kuipunguza mwendo hadi uione ikipiga hatua mojamoja. Michoro na programu zake zimewekwa wazi, na mwenye vipuri na chuma cha kulehemu anaweza kujiundia ya kwake.