Kuvu na Dawa ya Nguzo

Sisi tuliopiga dawa nguzo za umeme kule Mufindi tulikuwa na maadui wawili, mchwa na kuvu, na huyu wa pili ndiye aliyetunyima usingizi. Mchwa utamwona: kuna kichuguu, kuna vijia vya udongo juu ya mti. Kuvu hujui ipo mpaka nguzo ikatike pale inapoingia ardhini, nawe uchungulie ndani ukute mti umebaki nyuzi nyeupe zinazochambuka kwa kidole.

Vita hivyo ni vya zamani. Mwaka 1838 Mwingereza John Bethell alipata hataza ya kufungia mbao ndani ya mtungi wa chuma, kunyonya hewa iliyomo, kisha kusukumia kreosoti kwa shinikizo mpaka iuingie mti. Kreosoti hutokana na lami ya makaa ya mawe, na lami hiyo viwanda vya gesi ya taa vilikuwa nayo tele. Reli ilitaka mataruma yasiyooza. Simu na umeme vikafuata na nguzo zao. Bethell angefufuka leo, mtungi tuliokuwa tukiutumia angeutambua. Kreosoti nayo haijabadilika: ikikugusa mkononi kisha ukafanya kazi juani, ngozi itakueleza usiku.

Katika miaka ya 1930 Marekani ikaingiza pentaklorofenoli, au penta kwa kifupi: pete moja ya kaboni iliyobandikwa klorini tano. Ilisifiwa kwa kuua kila kitu. Nguzo zilitolewa mtungini zikidondosha dawa, zikapangwa yadini, na kilichodondoka kikaingia ardhini mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyekuwa akihesabu matone.

Mwaka 1964 Catherine Duncan na mwenzake, katika maabara ya serikali ya mazao ya misitu huko Madison, Wisconsin, walichapisha habari mbaya kwa watu wa kazi yetu: zipo kuvu zinazopunguza dawa iliyomo ndani ya mbao, penta na kreosoti zikiwemo. Dawa yenyewe inaliwa! Nadhani mtu wa nguzo aliyesoma habari ile aliwaza jambo moja tu, aongeze dawa kiasi gani. Ilichukua karibu miaka ishirini habari hiyo hiyo isomwe kwa upande wa pili: kwamba kuvu inayokula dawa inaweza kusafisha udongo ulioinywa.

Na usomaji huo ulitokana na swali jingine kabisa: kuvu inavunjaje lignini, ile gundi ngumu inayoshikamanisha nyuzi za mti? Lignini ni kubwa mno kumezwa, na haina umbo moja la kukamatwa. Mwaka 1983 Ming Tien na Kent Kirk, pale pale Madison, na kundi la Michael Gold huko Oregon, walipata kimeng'enya ambacho kuvu iitwayo Phanerochaete chrysosporium hukitoa nje ya mwili wake. Kwa msaada wa peroksidi ya hidrojeni, kimeng'enya hicho hunyang'anya pete ya kaboni elektroni moja, na pete iliyonyang'anywa huanza kumeguka yenyewe. Hakichagui pete ya nani. Hapo ndipo John Bumpus, Steven Aust na wenzao walipoilisha kuvu hiyo sumu za DDT, lindeni na dioksini zenye kaboni iliyotiwa alama ya mionzi, na mwaka 1985 wakaonyesha kwamba sehemu ya kaboni ile ilitoka ikiwa hewa ya ukaa.

Mimi hunivutia zaidi jaribio la 1990, maana lilitoka maabara likaenda kwenye udongo halisi wenye penta, huko Wisconsin. Richard Lamar na Diane Dietrich walichanganya udongo ule na vipande vya mbao vilivyooteshwa kuvu. Katika wiki sita na nusu penta ilipungua kwa asilimia 88 hadi 91, ingawa baridi haikuifaa kuvu yao. Lakini kati ya hiyo iliyopungua, asilimia 8 hadi 13 ilikuwa imegeuzwa tu kuwa kemikali nyingine yenye klorini zote tano. Fundi mwaminifu huitaja sehemu hiyo pia.

Kwetu Tanzania, udongo wenye sumu za namna hiyo upo. Shamba la Vikuge, Kibaha, lilipokea kama tani 170 za viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki mwaka 1986, vingine vikiwa vimeshapitwa na wakati. Banda likaanguka, na wakemia wakaja kukuta DDT imezama ardhini. Kuvu ya Madison hustawi kwenye joto la nyuzi 40 hivi, kwa hiyo Pwani isingeilalamikia. Chakula chake ni vipande vya mbao na maranda. Hayo kwenye viwanda vya mbao vya Mafinga yamelundikana, na mengi tunayachoma moto.