Kikoti cha Milia na Historia Yake: Kufuma Si Kupoteza Muda



Kuna kazi moja ambayo haiishi upesi katika vikapu vyetu: kile kikoti kifupi cha kufuma, cha kufunika mabega na mikono tu, ambacho wengi wanakiita shragi. Cha sasa ni cha milia ya rangi nyingi. Tunafuma safu chache baada ya Isha, tunakiweka, kesho tena. Hatukikimbizi. Na kila mara hakosi wa kutuuliza, "Nyie hamna kazi? Si mkanunue tu sweta la dukani?" Wengine wanaongeza kwamba kufuma ni mambo ya Wazungu, ya mabibi wa nchi za baridi. Leo tunataka kulijibu suala hilo kwa historia, maana historia yenyewe inatuhusu sisi wanawake wa Kiislamu kuliko tunavyodhani.

Soksi ya mtoto wa Misri

Katika jumba la makumbusho la British Museum, London, ipo soksi ndogo ya mguu wa kushoto wa mtoto. Ilipatikana katika jalala la mji wa kale wa Antinoupolis, Misri, na umri wake ni kama miaka 1,700, yaani kabla Uislamu haujafika huko. Ni ya sufu, na ina milia. Mwaka 2018 watafiti walitangaza matokeo ya kuichunguza kwa picha za mwanga maalumu. Waliona kwamba rangi saba za nyuzi zile zilitokana na mimea mitatu tu: mmoja wa nyekundu, mmoja wa buluu na mmoja wa njano. Fundi alichanganya kidogo alichokuwa nacho, mtoto akavaa rangi saba. Anayefuma milia kwa mabaki ya nyuzi zake ataielewa hesabu hiyo.

Lakini soksi ile haikufumwa kama tunavyofuma sisi. Ilifanywa kwa sindano moja yenye tundu, na uzi wenyewe ukapitishwa wote ndani ya kila kitanzi. Ni kazi ngumu, na faida yake ni kwamba haifumuki kirahisi.

Mikono ya Waislamu

Kufuma tunakokujua leo ni kuvuta kitanzi ndani ya kitanzi kwa sindano mbili au zaidi. Miongoni mwa kazi kongwe kabisa za namna hiyo zilizobaki ni soksi na vipande vya pamba kutoka Misri ya zama za Kiislamu, na vingi vinahusishwa na Fustat, Cairo ya zamani. Wataalamu wanaviweka kati ya karne ya 11 na ya 14. Vina mikanda ya buluu ya nili na nyeupe, na baadhi vina maumbo yanayofanana na herufi za Kiarabu. Soksi zilianzwa vidoleni zikapanda juu, na vitanzi vyake vimelingana kiasi kwamba unajua aliyezifuma hakuwa anajifunza. Ufundi ulikuwa umeshakomaa.

Kisha twende Andalusia, Hispania. Mji wa Sevilla ulitoka mikononi mwa Waislamu mwaka 1248, na mafundi wengi wa Kiislamu wakabaki chini ya wafalme wa Kikristo. Mwaka 1275 alifariki Fernando de la Cerda, mtoto wa Mfalme Alfonso wa Kumi, akazikwa katika monasteri ya Las Huelgas, mjini Burgos. Ndani ya kaburi lake ulikutwa mto wa hariri uliofumwa kwa mkono. Vitanzi vyake ni vidogo mno, kiasi cha 20 katika inchi moja. Mshonaji yeyote akichukua futi kamba yake akaitazama inchi moja, atasema Subhanallah.

Na pembeni mwa mto ule limefumwa, kwa herufi za Kiarabu, neno *baraka*.

Hebu tulitafakari hili, dada zetu. Mwana wa mfalme wa Kikristo alilazwa kaburini na mto wa fundi wa Kiislamu, kwa sababu hapakuwa na kazi nzuri kupita ile. Nchi ilikuwa imeshachukuliwa, lakini ufundi haukuchukulika. Jina la fundi halijulikani, wala hatujui kama alikuwa mwanamume au mwanamke. Kilichobaki ni utulivu wa mikono yake na hilo neno moja.

Mashine ilipoingia

Karne zilizofuata kufuma kukawa riziki ya watu wengi Ulaya, wanaume kwa wanawake. Mwaka 1589 Mwingereza William Lee akabuni mashine ya kufumia soksi. Inasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alikataa kumpa hati ya uvumbuzi wake kwa kuhofia kuwa maskini wanaoishi kwa sindano watakosa chakula. Mashine ilienea hata hivyo. Mwaka 1811, huko Nottingham, wafumaji wenyewe waliokuwa wakitumia mashine walianza kuzivunja kwa hasira, kwa vile ujira ulishuka na bidhaa hafifu zikajaa.

Huku kwetu jambo hili si geni. Mama zetu na bibi zetu wa visiwani walishona kofia za viua kwa mkono, tundu baada ya tundu. Kofia moja nzuri ilichukua wiki, hata miezi, na iliingiza fedha ya mwanamke mwenyewe bila kutoka uwani kwake. Leo kofia za mashine zimejaa madukani kwa bei ambayo mkono hauwezi kushindana nayo. Sisi wenyewe tunaishi kwa cherehani, hivyo hatuwezi kuilaumu mashine. Lakini tunasema hivi: mashine inashinda kwa haraka na kwa bei. Haiwezi kumpumzisha mtu.

Kwa nini milia, na kwa nini polepole

Kikoti hiki kinamfaa anayeanza. Ni kama kitambaa kimoja kirefu kinachofumwa kuanzia kifundo cha mkono mmoja hadi cha pili, kikapitia mgongoni. Kikikamilika unakunja, unashona mikono, unaacha katikati wazi. Kwa vile kimefumwa kwa upana huo, milia inazunguka mkono kama bangili na kushuka wima mgongoni. Uzi wa pamba ndio unaofaa kwa joto letu. Kwa bibi harusi, kinakuwa sitara juu ya gauni lenye mikono mifupi, na wakati wa kipupwe au kwenye boti yenye kiyoyozi utakishukuru.

Uzuri wa milia ni kwamba kila rangi ni kituo. Ukimaliza mlia mmoja umefika mahali, hata kama kazi yote ina miezi mbele. Mikono inahesabu vitanzi, ulimi unabaki huru kwa dhikri, na simu inakaa mbali. Kwa mchumba ambaye kila siku anaulizwa habari za ukumbi, mapambo na mahari, nusu saa hiyo si uvivu.

Tukumbuke pia kwamba kufuma kwetu, tofauti na soksi ya Antinoupolis, kunafumuka kwa kuvuta uzi mmoja tu. Katika Surat An-Nahl, aya ya 92, Allah ametupigia mfano wa mwanamke anayeufumua uzi wake baada ya kuwa umeshakuwa imara, na mfano huo ni wa kutunza ahadi. Bibi harusi anayefuma ataushika mfano huo kwa vidole vyake kabla ya siku ya nikahi.

Basi mkiulizwa kama hamna kazi, jibuni kwa upole kwamba kazi ndiyo hiyo mkononi, na Waislamu waliifanya kabla yenu, wakaandika ndani yake neno baraka.

Allah azitie baraka ndoa zenu na mikono yenu. Amin.

Maasalama.