Majina ya Mikahawa Yetu Yametoka Wapi?

Neno mkahawa lenyewe lina hadithi. Limetokana na kahawa: lilikuwa pahali pa kunywea kahawa kabla halijabeba maana ya pahali pa kula. Wakenya wengi huita pahali hapo hoteli, hata kama hapana kitanda kimoja.

Majina ya juu ya mlango huja kwa njia nyingi. Kuna ya chakula: Tamarind, kule Nyali, ni ukwaju, na neno hilo lina asili ya Kiarabu, tamr hindi, yaani tende ya Kihindi. Kuna ya vazi: Tarboush ya mjini Mombasa ni tarbushi, ile kofia nyekundu yenye kishada. Kuna ya bahari: Jahazi, Mji wa Kale, ni chombo kilicholeta wageni na biashara pwani. Na kuna ya dua, kama Baraka na Bismillahi, mwenyewe akitaraji riziki ya halali.

Lakini jina lisilolindwa huchukuliwa. Kusajili jina la biashara kupitia eCitizen hakukupi umiliki kamili wa jina hilo. Alama ya biashara husajiliwa KIPI, hudumu miaka 10, kisha huhuishwa. Mama zetu waliojenga sifa kwa biriani na viazi karai wasilale: wasajili mapema, na wawasimulie watoto jina lilitoka wapi. Kibao hupakwa rangi mpya kwa siku moja tu, na hadithi yake ikaishia hapo.