Podo wa Minziro na mstari wa Wazungu

Huku Kiseke nyumba mpya ikishapigwa rangi, kinachofuata getini ni ule mti wenye matawi ya ngazi ngazi tunaouita mti wa Krismasi. Jirani yangu kapanda miwili. Kwao ni kisiwa cha Norfolk, kilicho chini ya Australia. Kapteni James Cook alipoiona miti hiyo mwaka 1774 alidhani kapata milingoti ya meli za Uingereza. Baadaye ikaonekana haifai.

Sasa, nani kawaambia kwamba sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna wa kwetu wa kundi hilo la misonobari? Tunaye. Ng'ambo ya ziwa, wilaya ya Missenyi mkoani Kagera, kuna msitu wa Minziro, na ndani yake kuna podo. Waganda humwita musenene (Mhaya akisikia hivyo mate yanamtoka!). Jina lake la kisayansi, dawei, linatokana na M. T. Dawe, mtaalamu wa mimea aliyezunguka misitu ya Buddu, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Ukoo wake una ndugu hadi Australia, tangu enzi mabara ya kusini yalipokuwa yameungana.

Ajabu yake ni makazi. Podo tunaowajua wako milimani: Usambara, Kilimanjaro, Meru. Huyu amesimama kwenye tambarare, karibu usawa wa ziwa, mahali panapofurika mto Kagera ukijaa. Wataalamu wanamwona kama masalia ya enzi ya baridi, miti ya milimani iliposhuka mabondeni. Miaka kama 17,000 iliyopita hata Ziwa Victoria lenyewe lilikauka.

Halafu wakaja watu. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walichora mpaka kwa kufuata nyuzi 1 kusini mwa ikweta, wakaukata msitu vipande viwili: Minziro huku, Sango Bay kule. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mstari huo, na Novemba 1 akatangaza kwamba nchi yote hadi mto Kagera ni yake, Minziro ikiwemo. Vita tunaisimulia kila mwaka. Misumeno haina msimulizi, ingawa pande zote mbili za mpaka podo ndiye aliyetafutwa kwanza, kwa mbao zake zilizonyooka. Minziro sasa ni hifadhi ya mazingira asilia, lakini mashina mengi makubwa yalishageuka dari na milango zamani.

Nilipomsimulia jirani aliuliza kitu kimoja tu: miche inapatikana? Nimeahidi kumuulizia.