Copper, Shaba, Mukuba: Majina Matatu ya Madini Yetu

Ku masomo ya kemia, mwanafunzi mumoja wa hapa Kamalondo aliniuliza: "Mwalimu, alama ya cuivre ni Cu, sawa. Lakini Waingereza wanaandika copper. Sasa ile Cu ni ya nani?"

Wapenzi wasomaji, ile Cu ni ya Kilatini. Zamani Waroma walikuwa wanapata madini haya mengi ku kisiwa cha Kipro, chenye tunaita Chypre kwa Kifaransa. Wakayaita aes Cyprium, ni kusema madini ya Kipro. Nyuma wakafupisha: cuprum. Mule njo mulitoka copper ya Waingereza, koper ya Waflama, na cuivre ni ndugu yao. Mtu wa London akisema copper, anataja kile kisiwa bila kujua.

Na sisi? Neno shaba lilitufikia pamoja na Kiswahili cha pwani. Kwa Kiarabu, shabah ni shaba ya manjano, na mzizi wake ni kufanana, juu inafanana na zahabu. Mu 1971 Mobutu alitosha jina la Katanga, jimbo likaitwa Shaba mpaka 1997. Tangu 2015 ni Haut-Katanga. Mimi nilizaliwa mu Shaba, nikakomalia mu Katanga, na sikuhama hata siku moja!

Lakini wazee wetu Basanga na Baluba wanasema mukuba, na Babemba wa Zambia vilevile. Neno hili halikuletwa na mashua. Mu 1957, ku Sanga, karibu na ziwa Kisale, wataalamu walichimba makaburi ya zamani, wakakuta misalaba midogo ya mukuba pamoja na maiti. Misalaba ya namna ile ilitumika kama feza, miaka mamia mbele Union Minière izaliwe mu 1906. Na bendera ya Katanga ya 1960 ilibeba misalaba mitatu.

Leo wanafunzi wanacheka: "Mukuba ni neno la kijiji." Kipro pia ni kisiwa kidogo tu, lakini jina lake limekaa mu vitabu vya kemia vya dunia nzima. Letu tutaliacha kwa kizazi kimoja?

Sasa ku tablo yangu, pembeni ya Cu, naandika paka yote matatu: cuivre, shaba, mukuba. Na ile ya mwisho nawaomba waende kuuliza bibi na babu ku nyumba.